Chozi la Asubuhi katika Nchi ya Usombwe

Iko nchi inaitwa Usombwe. Haiko mbali kama watu wanavyodhani, ila aliyefika huko akirudi anaacha kusimulia mapema, maana kila anachosema kinasikika kama utani. Mwanakheri binti Sefu alikaa huko miezi minne, akashona sare za shule mia mbili na ushee, akarudi na cherehani yake. Tangu arudi hapendi kusikia kengele.

Alikwenda kwa sababu Usombwe haikuwa na mafundi. Si kwamba Wasombwe hawajui kushona. Wanajua sana, na huko ndiko balaa lao lilikoanzia. Mafundi wote wa nchi nzima walikuwa wamenyang'anywa vyerehani kwa kosa moja tu: walishona kimfuko kidogo ndani ya mkono wa sare ya mwanafunzi, kimfuko cha kutosha kipande cha kitunguu. Ikabidi atafutwe fundi mgeni, mwenye mkono safi, asiye na ndugu wala shoga Usombwe. Mwanakheri alikuwa hana ndugu huko. Shule yeye aliishia darasa la saba, akakalishwa nyumbani mwaka mzima, mwishowe mama yake akamkalisha kwenye cherehani. Lakini kola aliyoishona yeye ilisimama, na mshono wake haukuachia.

Siku ya kwanza alipokelewa na Mihambo, Mkaguzi wa Macho wa wilaya ile. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti kama ya mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Fundi, mfuko ni mmoja tu," alimwambia, akijipiga kifuani upande wa kushoto. "Hapa. Upana wake vidole viwili. Ni wa kitambaa cha kujifutia. Ukipanuka ukaingia kitunguu, hata kile kidogo cha kachumbari, umevunja sheria."

"Kitunguu cha nini tena shuleni, mheshimiwa?"

"Njoo kesho asubuhi. Utaona mwenyewe, na utatupenda."

Kesho yake alikwenda, akaona.

Wasombwe wanasema zamani nchi yao ilikauka. Mtu mmoja, ambaye sasa wanamwita Baba wa Kisima, alikaa ukingoni mwa kisima kikavu akawalilia watu wake siku saba mchana na usiku, na kisima kikajaa. Hadithi nzuri, na Mwanakheri aliipenda alipoisikia. Mtu akikulilia si jambo dogo. Sasa, kwa vile yeye aliwalilia, imepangwa kwamba kila mtoto wa shule naye amlilie, kila asubuhi, saa moja na nusu, chozi moja.

Basi watoto husimama mistari uwanjani, mbele ya kigoda cha Baba wa Kisima. Kengele inapigwa. Wanaimba ubeti mmoja. Halafu kinafuata Kimya cha Kulia, ambacho urefu wake unatosha kuchemsha sufuria ya chai. Mwalimu mkuu anapita na kijiko cha shaba, anakinga chozi la kila mtoto shavuni, anasema, "Limepokelewa," na mtoto anajibu, "Nimelitoa kwa hiari." Likishajibiwa hivyo linamiminwa kwenye Mtungi, mtungi mkubwa wa udongo uliowekwa penye kivuli, na kuchungulia ndani ya mtungi ule ni marufuku.

Mwanakheri alikuwa mtu wa kukaa pembeni na kutazama. Akaona darasa la saba wanajifinya mapajani. Darasa la sita wamepaka pilipili kwenye kucha. Mmoja alikuwa akijing'oa vinyweleo vya puani, mwingine amelikodolea jua macho bila kupepesa, na aliye nyuma yake anamhimiza kwa kunong'ona, "Kaza, kaza, linakuja hilo!" Darasa la kwanza tu ndio waliolia bila msaada wa mtu, kwa kuwa walikuwa wanawataka mama zao. Hao ndio waliosifiwa. Zawadi ya uzalendo, aliambiwa, kila mwaka huchukuliwa na darasa la kwanza.

Katika mstari wa darasa la saba alisimama msichana mmoja mwembamba, mikono ubavuni, uso umetulia. Alikuwa ameimba ule ubeti kwa sauti kuliko wenzake. Mwalimu mkuu, Mwalimu Luhende, alifika mbele yake, akakishusha kijiko kidogo, akasema kwa sauti ya chini kama anayeomba radhi:

"Kavu."

"Jiwe!" watoto wakazomea. "Macho ya kuku! Jiwe hilo!"

Msichana hakugeuka. Na Mwanakheri akamtambua: ni yule aliyemletea maji ya kuoga jana, kwenye nyumba aliyopangishiwa.

Jina lake Nyamizi. Aliishi katika nyumba hiyo hiyo na bibi yake, Bibi Milembe, mwanamke mkongwe mwenye kikohozi kilichokaa kifuani kama mgeni asiyeaga. Wazazi wa Nyamizi walikufa siku nyingi. Bibi Milembe alitoka katika zile koo chache za bondeni ambazo zina desturi yao kuhusu machozi, na Mwanakheri alielezwa desturi hiyo jioni moja, alipokuwa akimpima Nyamizi sare mpya, pini mdomoni.

"Kwani ukitoa moja tu, dogo, utapungukiwa nini mdogo wangu?" alimuuliza. "Wenzako wote wanatoa."

"Dada, wewe unasali?"

"Nasali."

"Huwa unasali kidogo tu, ili jirani akuone?"

Mwanakheri akazitoa pini mdomoni. Bibi Milembe alicheka hadi kikohozi kikamshika, na kilipomwachia akasema:

"Usimshangae, mwanangu. Kwetu sisi chozi ni neno la mwisho. Mtu anamwambia Mungu pale ambapo maneno mengine yote yamemwishia. Sasa umwite Mungu kila siku saa moja na nusu, kwa kengele, akugeukie, halafu umwambie huna shida, ulikuwa unamaliza zamu?"

"Simchukii Baba wa Kisima," Nyamizi alisema. "Mimi ndiye ninayefagia pale kwenye kigoda chake, muulize Mwalimu. Naimba. Nasimama wima. Historia yake naijua kuliko Kiranja. Ila siwezi kumlilia, maana sina uchungu naye. Nikilia nitakuwa nasema uongo kwa macho."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alitaka kuwa mpimaji wa visima, wale wanaokwenda na kamba na timazi kutafuta maji yalipo. Madaftari yake yalikuwa yamejaa michoro ya miamba na mchanga, tabaka juu ya tabaka. Mwanakheri aliyafungua moja moja, akayafunga. Hakusema kwamba yeye naye alikuwa na daftari kama hilo, na kwamba lilifungiwa vitumbua.

Jambo lililomshangaza zaidi alilijua wiki ya tatu, mtoto mchanga wa jirani alipofariki. Jirani huyo ni Mama Kabula, mjumbe wa kamati ya shule, mwanamke mwenye maneno mengi na ambaye kila alipompita Nyamizi alitema mate pembeni. Mwanakheri alikwenda msibani akidhani atakuta kilio. Alikuta watu wazima wamejaa uani, wamekaa mikekani, wanajipiga vifua, wanatikisa vichwa, na hapana hata jicho moja lenye unyevu. Mama Kabula mwenyewe alikuwa katikati, amemkumbatia yule marehemu mdogo aliyefungwa kanga, mdomo wazi, uso umejikunja wote kama nguo iliyokamuliwa. Hakikutoka kitu.

"Mbona hawalii?" Mwanakheri alimnong'oneza Nyamizi.

"Watalia na nini? Wametoa yote shuleni."

Baada ya muda Mama Kabula aliinuka, akazunguka kwa mlango wa nyuma wa nyumba ya Bibi Milembe. Alipiga magoti.

"Bibi, njoo unililie. Mwanangu anakwenda mkavu."

Bibi Milembe alijifunga kanga, akakohoa, akaenda. Alikaa karibu na yule mama akamshika mkono, akalia. Alilia kwa utaratibu na kwa uchungu wa kweli, kama aliyemzaa yeye, na wale watu wazima wakasogea, wakasogea, hadi wakawa wamembana, kama watu wenye baridi wanavyousogelea moto. Kumbe ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Waliomzomea mjukuu asubuhi walikuja kwa bibi kwa mlango wa nyuma. Hata Mkaguzi Mihambo, mama yake mzazi alipokufa, alikuja huko huko, amevaa kofia ya kuficha uso.

Siku tatu baada ya mazishi Mama Kabula alimpita tena Nyamizi, akatema mate pembeni.

*

Barua ilikuja ikiwa imebaki wiki moja kabla ya mtihani wa darasa la saba. Ilisema mwanafunzi ambaye hajatoa chozi hata moja mwaka mzima jina lake haliwezi kuingia kwenye orodha ya watahiniwa, na kwamba mlezi wake aje mbele ya kamati. Bibi Milembe alikuwa hawezi tena kutembea mwendo ule. Akamtuma Mwanakheri.

"Nenda nawe ukasikie, mwanangu. Usigombane. Sikiliza tu, kisha uje unisimulie kila kitu, hata waliokuwa wanasinzia."

Kabla hawajaenda, Mwanakheri alifanya jambo ambalo baadaye liliendelea kumchoma. Aliichukua sare ya Nyamizi, akageuza mkono wa kulia nje ndani, akashona kile kimfuko. Alishona vizuri, mshono wa kujificha, hata mafundi wa Usombwe wasingeuona. Hakusema kitu. Asubuhi alikuta mezani, pembeni ya cherehani, uzi wake umefumuliwa wote, umezungushwa vizuri kwenye kijiti. Nyamizi alikuwa ameshaandaa chai, akamkaribisha kwa heshima kama kila siku.

Kamati ilikaa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mihambo alikuwa katikati, Mwalimu Luhende kulia, Mama Kabula kushoto, na wajumbe wengine wawili nyuma, ambao kweli mmoja wao alisinzia.

"Kwanza tuwekane sawa," alianza Mihambo kwa ile sauti yake ya kuamsha mgonjwa. "Hapa Usombwe hatumlazimishi mtu kulia. Sheria yetu iko wazi: chozi lazima litolewe kwa hiari. Chozi la kulazimishwa hatulitaki, tunalimwaga. Tunachosema sisi ni kitu kidogo tu. Ambaye hiari yake haijamjia, hatafanya mtihani."

"Basi si mumsubiri hiari imjie?" Mwanakheri aliuliza, akasahau kwamba ametumwa asikilize tu.

"Tumesubiri miaka saba, fundi."

Mama Kabula akadakia. "Mimi naomba niseme kama mzazi. Huyu mtoto anatuharibia. Wetu wanajifinya mpaka wanatoka alama, yeye anasimama pale kama bibi harusi! Mwanangu wa pili ananiuliza, 'Mama, mbona Nyamizi halii na hafi?' Nimjibu nini?"

"Mwambie ni kweli, hafi," alisema Mwalimu Luhende, akaonekana kujutia papo hapo. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na kucha zake za mkono wa kulia zilikuwa nyekundu kwa pilipili, kwa kuwa walimu nao hutoa chozi siku za ukaguzi.

Mjumbe mmoja, asiyesinzia, alitoa pendekezo. Kiletwe kitunguu hapo hapo ofisini. Mtoto akinuse, chozi litoke, likingwe, jina liandikwe, watu wakale. Wakajadiliana. Mihambo alikumbusha kwamba kitunguu ni marufuku. Mjumbe akasema marufuku ni kitunguu kilichofichwa, na hiki kitakuwa mezani. Mama Kabula akauliza kama ni kitunguu cha nje au cha hapa hapa. Wakabishana juu ya hilo kwa muda mrefu, hadi ikakubaliwa kwamba kitunguu kilichoota katika udongo wa Usombwe ni sehemu ya nchi, hivyo chozi linaloletwa nacho limeletwa na nchi yenyewe, na kwa hiyo ni la hiari. Mihambo alionekana kufarijika sana.

"Haya mwanangu," alisema, na wema wake ulikuwa wa kweli, Mwanakheri aliuona. "Umesikia? Wazee wamekutafutia njia. Hata mimi sipendi uachwe. Una kichwa wewe."

Nyamizi alisimama. Aliwasalimu upya wote, shikamoo kwa kila mmoja, hata aliyesinzia.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Mnataka nimlilie Baba wa Kisima, au mnataka nimdanganye?"

Mihambo alifungua kinywa, lakini Nyamizi hakuwa amemaliza.

"Maana nikinusa kitunguu nitakuwa namdanganya. Na mimi ndiye ninayefagia kigoda chake. Sijui nitakifagia vipi baada ya hapo."

Aliyesinzia akaamka. Wajumbe wakafanya wanavyofanya watu wasio na jibu: wakaahirisha. Iliamuliwa kwamba jina la Nyamizi litasubiri hadi asubuhi ya Kilio Kikuu, kilio cha mwaka mbele ya wageni, siku moja kabla ya mtihani. Siku hiyo wanafunzi wote lazima wawepo. Asiyekuwepo, au atakayekuwepo akawa mkavu, anafutwa.

Nje, Mwalimu Luhende aliwafuata hadi kwenye kona.

"Nyamizi," alisema. "Mimi pia nilikuwa sitaki, nilipokuwa darasa la tatu."

"Ikawaje, Mwalimu?"

Alizitazama kucha zake. "Nilizoea," akasema, akarudi ndani.

Mwanakheri alimsimulia Bibi Milembe yote, na kitunguu, na aliyesinzia. Bibi alicheka kwa macho, maana kifua hakikumruhusu tena kucheka kwa sauti. Kisha akamwita mjukuu wake, akamshika shavu.

"Utakavyoamua ni sawa. Mimi sikukufundisha ili uumie. Ukitaka kulia, lia. Mungu anajua kusoma."

"Sitaki, Bibi."

"Basi usitake. Ila nenda. Usiwape nafasi ya kusema hukutokea."

*

Bibi Milembe alikufa asubuhi ya Kilio Kikuu, kulipokuwa kumeshapambazuka, uji wake bado una moto. Alikuwa ameomba ageuziwe upande wa dirisha. Mwanakheri alimgeuza, akatengeneza mto, na alipomwangalia usoni hakuwepo.

Nyamizi alikuwa ameshavaa sare. Alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Hakupiga kelele. Alikiweka kikombe chini, akaja akamfunga bibi yake kidevu kwa kitambaa cha mfukoni, kile cha mfuko wa vidole viwili, akamfunika.

"Dada, kaa naye. Naenda kuomba ruhusa. Alisema niende."

"Nitakwenda mimi, Nyamizi. Wewe baki."

"Ukienda wewe watasema sikutokea."

Mwanakheri alimwita mwanamke wa nyumba ya pili akae na maiti, akamkimbilia. Alimkuta ameshafika mbele ya Mihambo, uwanjani, watoto wote wameshajipanga.

"Mheshimiwa, bibi yangu amefariki. Naomba ruhusa nikamzike."

Mihambo alivua kofia. Uso wake ulibadilika kabisa. Kwa dakika moja alikuwa mtu tu, mwana wa mama aliyeliliwa na Bibi Milembe.

"Pole sana, mwanangu. Pole. Utakwenda." Akaivaa kofia. "Tumalize hili kwanza. Si muda mrefu. Ukiondoka sasa nitalazimika kukufuta, na sitaki."

Kwa hiyo Nyamizi akaingia mstarini. Kengele ikalia. Ubeti ukaimbwa, na Mwanakheri, aliyesimama kwenye uzio, alisikia kwamba sauti moja katika sauti zote imekosekana.

Kikaanza Kimya cha Kulia.

Aliona mabega ya Nyamizi yakipanda. Aliona anavuta pumzi na kuizuia, anavuta na kuizuia. Akaziba macho kwa viganja viwili, akakaza hadi vidole vikawa vyeupe. Hakuna mtoto katika Usombwe aliyewahi kuonekana akipigana hivyo ili asilie, na walio karibu naye wakasahau kujifinya, wakageuka kumtazama. Mkono wake ukaingia kwenye mfuko wa kifuani kutafuta kitambaa. Hakikuwepo. Kilikuwa kidevuni kwa bibi yake.

Ndipo yakatoka. Yalimshukia mashavuni, kidevuni, hadi kwenye kola.

"Mwalimu!" Mihambo aliita, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilipanda. "Kijiko! Mwalimu, kijiko!"

Mwalimu Luhende alisimama palepale. Mihambo akamnyang'anya kijiko, akakimbia mwenyewe na unene wake, akalikinga chozi chini ya jicho la kushoto.

"Limepokelewa!" akatangaza. Uwanja mzima ukapiga makofi. Watoto waliruka. Mama Kabula, aliyekuwa amekaa na wageni, alisimama akapiga vigelegele.

"Si lenu hilo," Nyamizi alisema. "Ni la bibi yangu. Nirudishieni."

Hakuna aliyemsikia ila walio karibu.

"Ni la bibi yangu! Mheshimiwa, nakuomba. Ni la bibi."

Mihambo alikuwa ameshalimimina. Aliinama, akamjibu kwa upole kabisa:

"Mwanangu, likishaingia kwenye Mtungi halina jina. Sasa utafanya mtihani. Hukufurahi?"

Nyamizi akampita. Alikwenda moja kwa moja kwenye Mtungi, akashika ukingo kwa mikono miwili, akachungulia. Makofi yakakatika. Tangu Mtungi uwekwe hakuna aliyefanya jambo hilo mbele ya watu.

"Hamna kitu," alisema. Alikuwa hapigi kelele tena. "Mwalimu, njoo uone. Hamna hata tone. Udongo umeyanywa yote."

Hakuna aliyesogea. Mihambo ndiye aliyeivunja ile hali. Aliwageukia wageni akasema kwamba mtoto huyu amezidiwa na uchungu wa nchi yake, jambo ambalo ni mfano kwa wote, na kwamba sasa wafunge macho waimbe ubeti wa pili.

*

Walimzika alasiri. Watu walikuja wengi, kwa mlango wa mbele safari hii, kwa sababu Nyamizi sasa alikuwa mtoto mwema. Walijipiga vifua. Walimsogelea Nyamizi, wakambana pale kaburini, wakimtazama machoni, wanasubiri.

Nyamizi alikaa kwenye udongo, miguu ameinyoosha. Macho yake yalikuwa makavu kama ya wengine.

"Yamekataa, dada," alimwambia Mwanakheri polepole. "Ninayatafuta, siyaoni. Yamebaki kule."

Mwanakheri ndiye aliyelia. Hakupanga. Alimlilia Bibi Milembe, na uji uliopoa, na daftari la zamani lililofungiwa vitumbua. Aliponyanyua uso aliona watu wamemwacha Nyamizi, wamemsogelea yeye. Mama Kabula alikuwa wa mbele.

"Fundi," alisema, na mara hii hakutema mate. "Utakaa nasi mpaka lini? Baba yangu hali yake si nzuri."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya mtihani. Nyamizi alivaa sare, akachukua kalamu mbili na rula. Mwanakheri alimsindikiza hadi getini. Pale palikuwa na meza, na kitabu, na Mwalimu Luhende nyuma yake. Kila mtahiniwa alitia saini mbele ya jina lake kwa kalamu ya shule. Juu ya ukurasa paliandikwa kwa wino mzito: Nimemlilia Baba wa Kisima, na nimemlilia kwa hiari.

Nyamizi alisoma. Akasoma tena. Wenzake nyuma walianza kusukumana. "We, tia saini twende! Si ulishalia wewe?"

"Mwalimu, kuna kitabu kingine?"

"Hakuna, mwanangu."

"Naweza kuandika pembeni kwamba nilimlilia nani?"

Mwalimu Luhende alifungua mdomo. Alitazama dirisha la ofisi, ambako kofia ya Mihambo ilionekana. Akaufunga mdomo, akatikisa kichwa, na Mwanakheri alimwona akijifinya paja chini ya meza, kwa nguvu, kama mtoto wa darasa la saba. Hakikutoka kitu.

Nyamizi aliiweka kalamu ya shule juu ya kitabu, kwa mikono miwili, kama anayemrudishia mtu mzima kitu chake. Aliaga, "Kwaheri, Mwalimu." Akageuka.

Nyumbani alivua sare, akajifunga kanga ya bibi yake, akaileta ile sare kwenye cherehani.

"Dada, nitolee huu mfuko."

Mwanakheri alichukua wembe. Alifumua mshono mmoja mmoja, taratibu, asikate kitambaa. Mfuko ulipotoka, chini yake kulikuwa na kipande cha buluu iliyokolea, upana wa vidole viwili, buluu ile ile ya siku alipokikata kitambaa. Kwingine kote jua la uwanjani lilikuwa limeshapausha.

Nyamizi alipagusa kwa kidole.

"Hapa patapauka lini?"

"Ukiifua na kuianika juani, miezi miwili. Labda mitatu."

Huko shuleni kengele ya mtihani ilipigwa. Nyamizi aliisikiliza hadi ikanyamaza. Kisha akaichukua sare, akachukua na sabuni, akaenda uani kuifua.